Utunzaji wa Programu Huria kwa Kujitolea

Kati ya mashine ya kompyuta na mtumiaji wake kuna mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayogawa kumbukumbu, kusoma diski na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Wengi wanaijua mifumo michache ya makampuni makubwa. Lakini ipo pia mifumo huria yenye watumiaji wachache, kama NetBSD iliyoanza mwaka 1993 na OpenBSD iliyoanza mwaka 1995, ambayo hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Katika makala hii tutaeleza kazi ya watu hao, na sababu za kazi hiyo kumhusu hata mwalimu aliyeko Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma.

Programu huria ni ile ambayo maagizo yake, kama yalivyoandikwa na binadamu, yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Uwazi huo peke yake hautoshi. Programu haishiki kutu kama jembe, lakini huharibika kwa sababu vitu inavyovitegemea hubadilika. Hapo ndipo anapohitajika mtunzaji. Yeye hupokea toleo jipya, huligeuza kuwa lugha ya mashine, hulijaribu katika mfumo wake, na likikataa hutafuta sababu na kuandika kiraka. Kisha humpelekea mwandishi wa asili kiraka hicho ili kiingizwe katika toleo lijalo. La sivyo, itambidi akishone upya kila mara.

Tuchukue mfano. Mifumo mingi ya zamani hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, katika nafasi ya biti 32. Namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 2,147,483,647. Hesabu hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde moja baadaye, kompyuta isiyorekebishwa itadhani kuwa ni Desemba 1901. NetBSD ilihamia biti 64 katika toleo la 6.0 la mwaka 2012, na OpenBSD katika toleo la 5.5 la mwaka 2014. Kuupanua mfumo hakukumaliza kazi: programu zilizoandikwa kwa kutegemea kipimo cha zamani nazo zilihitaji kukaguliwa na kurekebishwa.

Sasa tuseme shule moja ya Busunzu imepewa kompyuta za zamani za biti 32. Windows 10, ambayo ndiyo Windows ya mwisho kukubali mashine za aina hiyo, ilifikia kikomo cha huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Debian, mfumo huria mashuhuri, iliacha kuzihudumia kama mashine kamili katika toleo la 13 la Agosti 2025. NetBSD ingali inazihudumia. Kwa shule hiyo, kompyuta zitabaki darasani au zitatupwa stoo kutegemea juhudi za watu wachache wasiojulikana na mwalimu wala wanafunzi.

Lugha yetu nayo inahitaji utunzaji huo huo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Programu ya asili haikusimama. Mwaka 2010 ilizaa tawi jipya, LibreOffice. Kila toleo huleta amri mpya, na asipokuwapo wa kuzitafsiri, Kiingereza hurudi kidogo kidogo mbele ya macho ya msomaji.

Hata hivyo, kumwachia mtu mmoja mzigo wote ni hatari. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba mlango wa siri ulikuwa umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Aliyeupachika alikuwa amemsaidia kwa miaka kama miwili mtunzaji aliyeelemewa na kazi, mpaka akaaminiwa. Ndiyo maana kila badiliko linafaa kukaguliwa na mtu wa pili. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kijana anayetaka kushiriki na afuate hatua hizi:

1. Aandike taarifa sahihi za hitilafu: alifanya nini, alitarajia nini, akapata nini.
2. Ajaribu matoleo mapya kabla hayajatangazwa rasmi.
3. Atafsiri amri na maelezo kwa Kiswahili fasaha.
4. Achague programu moja ndogo anayoitumia mwenyewe, aitunze.

Kazi hii haidai mashine ya gharama kubwa. Inadai uvumilivu, usomaji makini na uaminifu. Tukiwaachia wengine utunzaji wote, itatubidi pia kukubali uamuzi wao kuhusu mashine zipi zitupwe na lugha zipi zisahauliwe.