Kimbiza Gemu kwa Adabu: Mbinu za Spidirani kwa Vijana wa Mbeya na Iringa

Kama unaijua GTA San Andreas nje ndani, spidirani inakuhusu. Ni mchezo wa kumaliza gemu kwa muda mfupi iwezekanavyo, kwa kanuni ambazo wachezaji wote wamekubaliana. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, gemu iliyowatoa jasho watoto wa dunia nzima, leo kuna watu wanaimaliza chini ya dakika 5.

Kasi utaipata kwa mazoezi. Adabu unatakiwa kuja nayo tangu siku ya kwanza, kwa sababu muda wako una thamani pale tu wengine wanapouamini. Uwe Mwanjelwa ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, fanya hivi.

Anza na gemu uliyonayo

Usikimbilie kununua mashine mpya. Simu inatosha. Subway Surfers ina bodi yake ya rekodi kwenye tovuti ya speedrun.com, na moja ya kategoria zake, tofauti na kawaida, ni kukimbia muda mrefu zaidi bila kugusa hata sarafu moja. Kama una PS2 ya nyumbani au laptopu ya chuo, chagua gemu uliyokwisha kuimaliza na ambayo bado hujaichoka. Utairudia sana, kwa hiyo uipende kweli.

Soma kanuni kabla ya kushika padi

Kila gemu ina kategoria zake. Any% ni kufika mwisho kwa njia yoyote inayoruhusiwa. 100% ni kukamilisha kila kitu. Glitchless ni kucheza bila kutumia glichi, yaani hitilafu za gemu. Ukifungua ukurasa wa kanuni, tafuta majibu matatu: saa inaanza kuhesabu wapi, inasimama wapi, na vifaa gani vinakubalika. Ukikosa jibu moja kati ya hayo, usianze bado.

Ijue mashine yako

Kuna PS2 na diski za mfumo wa PAL, wa Ulaya, zinazoonyesha picha 50 kwa sekunde. Za Marekani na Japani huonyesha 60. Tofauti hiyo inaweza kubadili mwendo wa gemu, ndiyo maana bodi huuliza toleo lako. Angalia namba kwenye diski halisi: ikianza na SLES ni ya Ulaya, ikianza na SLUS ni ya Marekani.

Diski ya kuchoma, mashine iliyochipiwa na emuleta ni habari nyingine. Bodi moja inakubali, nyingine inakataa. Waulize wasimamizi wa bodi kabla, na useme ukweli wote kuhusu unachotumia.

Rekodi kila raundi

Bila video huna ushahidi. Kwenye kompyuta tumia programu ya OBS Studio, ni ya bure. Kwenye simu tumia kirekodi cha skrini. Ukicheza kwenye TV, simamisha simu nyingine kwenye stendi, skrini yote ionekane na sauti isikike. Washa kurekodi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, zima baada ya gemu kuisha.

Jipange na umeme

Kwenye OBS, chagua kuhifadhi video kwa mfumo wa MKV, usitumie MP4. Umeme ukikatika ghafla, faili la MP4 huweza kugoma kabisa kufunguka, wakati MKV hubaki na sehemu iliyokwisha kurekodiwa. Ukishamaliza, ibadilishe kuwa MP4 humo humo ndani ya OBS. Kupakia video subiri bando la usiku, litakupunguzia gharama.

Kumbuka pia: umeme ukikatika katikati, raundi hiyo imekufa. Usiunganishe vipande viwili ukaviita raundi moja. Anza upya.

Hesabu muda kwa fremu

Saa ya mkononi haitoshi. Video ya fremu 30 kwa sekunde inakupa hesabu rahisi. Tuseme muda unaanza fremu ya 120 na unaishia fremu ya 17,760. Toa, unapata 17,640. Gawanya kwa 30, ni sekunde 588. Hiyo ni dakika 9 na sekunde 48. Andika namba hizo mbili za fremu unapotuma rekodi yako. Msimamizi atahakiki haraka, na atakushukuru.

Pasha vidole moto

Juni na Julai baridi ya huku haina huruma, na kidole kilichoganda huchelewa kubonyeza. Shika kikombe cha chai ya moto dakika chache kabla ya kuanza, kisha cheza raundi moja ya kulegeza mikono. Kikombe kikae mbali na nyaya.

Heshimu kibanda cha gemu

Kama unachezea kibandani, msalimie mwenye kibanda na umweleze unachotaka kufanya. Omba ruhusa ya kurekodi. Lipia kwa muda, maana wewe utaanza upya mara nyingi na kulipia kwa mechi hakukufai. Nenda saa ambazo watu ni wachache, kabla wa mpira hawajajaa. Kama bado uko shule, saa zako ni za Jumamosi, si za vipindi. Muda ukiisha, achia padi hata kama raundi ilikuwa inaelekea pazuri. Mwenzako naye amelipa.

Ukiwa mtazamaji, tulia

Usipite mbele ya TV. Usiguse meza wala waya. Usimwelekeze anayecheza mpaka akuombe, kwa sababu njia anayopita ameipanga na kuirudia, na neno lako moja linaweza kumtoa kwenye hesabu. Usipaze sauti kwamba rekodi inavunjwa leo. Ngoja amalize, ndipo ushangilie kwa nguvu zote.

Uliza vizuri

Kuuliza si ujinga, ila tafuta kwanza. Maswali mengi yamekwisha kujibiwa kwenye mwongozo wa gemu au kwenye Discord ya wachezaji wake. Ukikosa, andika swali moja lililokamilika: gemu gani, toleo gani, kategoria gani, unakwama wapi, umejaribu nini. Kiingereza chepesi kinatosha, hakuna anayesahihisha mtihani.

Wavumilie wasimamizi

Wanaohakiki video wanajitolea, wana kazi na familia zao. Rekodi yako inaweza kukaa kwenye foleni siku nyingi. Usiwatumie ujumbe kila asubuhi. Tena saa tatu asubuhi ya Iringa ni usiku wa manane New York.

Taja waliokutangulia

Njia ya mkato unayotumia kuna mtu aliitafuta kwa jasho. Kwenye maelezo ya video yako andika umejifunza kwa nani. Ukigundua njia mpya, itoe hadharani. Jamii hii imekua kwa watu kupeana walichonacho.

Usidanganye hata kidogo

Njia ya mwongo ni fupi. Desemba 2020, wasimamizi wa bodi ya Minecraft waliifuta rekodi ya Dream, mchezaji mwenye mamilioni ya wafuasi. Walichukua video zake na kuhesabu alivyokuwa akipata vitu viwili ambavyo gemu hutoa kwa bahati. Bahati yake ilizidi mno kiasi cha kuaminika. Alikana. Mei 2021 akakiri kwamba gemu yake ilikuwa na modi, yaani programu ya nyongeza, iliyobadilisha bahati hizo, akisema hakukusudia.

Fundisho la kufanyia kazi: kabla ya raundi ya ushindani, ondoa kila modi isiyoruhusiwa. Ukigundua baadaye kwamba ulikosea, waambie wasimamizi mwenyewe siku hiyo hiyo na uombe raundi ifutwe. Anayejisema mapema hubaki na heshima yake.

Ukipitwa, pongeza

Kipimo chako cha kwanza ni muda wako wa jana. Mtu akikupita, mwandikie pongezi, kisha itazame video yake taratibu uone alipookoa sekunde. Ukimpita wewe, usimkejeli. Kesho utahitaji msaada wake.

Shindaneni Mbeya na Iringa

Hamhitaji nauli wala ukumbi. Chagueni gemu moja na kategoria moja. Andikeni kanuni kabla ya raundi ya kwanza na msizibadilishe katikati. Mteueni msimamizi mmoja asiyeshindana. Kila mtu arekodi kwake, atume video, na matokeo yatoke siku moja kwa wote.

Mkishazoea, chezeni kwa ajili ya watu. Games Done Quick ya Marekani ilianza mwaka 2010, na matamasha yake ya kila mwaka yamekusanya mamilioni ya dola kwa mashirika kama Madaktari Wasio na Mipaka. Nyinyi mnaweza kuanza na madaftari ya shule moja ya mtaani kwenu.

Leo jioni chagua gemu moja, soma kanuni za kategoria moja, na urekodi raundi yako ya kwanza hata kama itakuwa mbovu. Kisha mtafute mwenzako mmoja umfundishe ulichokijua. Huku kwetu bodi itajaa majina pale tu kila anayeanza atakapomvuta na mwingine.