Siku Thelathini Hazingoji Mpunga: Ya Kufanya na ya Kutofanya Ukifukuzwa Kazi Kilombero

Mzee mmoja mkata miwa alinifuata Kibaoni, Ifakara, na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na barua ya kuachishwa kazi, kitambulisho cha kazi, slipu saba za mshahara na mikataba ya misimu minne. Zote zilikuwa kavu, zimekunjwa vizuri. Kila karatasi niliyoiulizia alikuwa nayo. Nikaitazama tarehe ya barua: ilikuwa na siku 53.

Alikuwa wapi siku zote hizo? Shambani, ng'ambo ya mto. Mpunga ulikuwa unatoa masuke, akapanda kwenye dungu kuamia ndege, akajisemea kwamba mambo ya kazi atayafuata akishavuna. Sheria ilikuwa imempa siku 30.

Nimewasindikiza wafanyakazi wenzangu kwenye mashauri haya kwa miaka kadhaa, nami ni mtu wa chama cha wafanyakazi. Naandika haya kwa ajili ya wote wanaoajiriwa bondeni kwetu, kuanzia Kidatu hadi Mlimba: wakata miwa, wa mashamba ya mitiki, walinzi, walimu wa shule binafsi, wapishi wa nyumba za wageni, vijana wa mashine za kukoboa mpunga. Nimeona haki nyingi zikipotea, na nyingi zilipotea kabla mwajiri hajafungua mdomo.

Hesabu siku. Kanuni za usuluhishi na uamuzi za mwaka 2007 zinakupa siku 30 kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali, tangu siku uliyoachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Jumamosi na Jumapili zimo. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara, yana siku 60. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia ya kwanza na ya 30 kwa kalamu nyekundu, kisha jipangie kwamba siku yako ya mwisho ni ya 20. Ndugu yako wa Mombasa akikuambia una miaka 3, anakueleza sheria ya Kenya. Ya kwetu ni siku 30.

Usidhani kulalamika popote kunasimamisha siku. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Anakwenda kwa mtendaji wa kata, anatumwa kwa mkuu wa wilaya, anapita polisi, anazungumza na mchungaji anayemfahamu meneja, na kila mahali anapokewa vizuri na kuambiwa arudi Jumatatu. Siku zinakwenda. Lalamiko lako lina mlango mmoja, nao ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Mazungumzo na meneja hayajasimamisha siku hata moja. Zungumza naye ukitaka, fomu yako ya lalamiko ikiwa imeshafika kwenye Tume.

Usipokee kauli ya mdomo ukanyamaza. Supavaiza akikwambia kesho usije, andika siku hiyo hiyo barua fupi kumuuliza mwajiri kama umeachishwa na kwa sababu gani. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri au isainiwe. Wakikataa kuisaini, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti. Ukinyamaza, miezi sita baadaye watasema hukufukuzwa, ulitoroka kazi.

Usisaini kwamba huna madai mengine. Mhasibu atakuita, fedha mezani, na karatasi yenye maneno "nimelipwa haki zangu zote na sina madai zaidi". Mtoto anadaiwa ada, mfuko mtupu, kalamu iko mkononi. Naijua hali hiyo. Ukiweza, pokea fedha na uandike kwa mkono wako, juu ya sahihi: "Nimepokea mshahara wa mwezi fulani tu." Wakikataa kukulipa kwa maneno hayo, ondoka, ukadai kwenye Tume.

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa kuahidiwa mafao. "Andika tu kwamba umeacha mwenyewe, tutakusaidia." Ukishaandika, mzigo umehamia kichwani kwako. Mwajiri anayefukuza ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu wa haki. Anayeacha kazi na kudai kwamba alilazimishwa, huyo ndiye anayetakiwa kuthibitisha kulazimishwa kwake.

Nenda kwenye kikao cha nidhamu, hata kama unaamini kimeshaamuliwa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka uchunguzi ufanyike, upewe tuhuma kwa maandishi, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na uwe na mwenzako au kiongozi wa chama wa kukusaidia. Ukiitwa saa tatu kikao saa nne, usipige kelele. Sema kwa utulivu, na uombe iandikwe kwenye muhtasari, kwamba hukupewa muda. Omba nakala ya muhtasari huo. Kasoro kama hiyo ikiandikwa pale ina nguvu kuliko hotuba utakayoitoa baadaye.

Jua mwajiri wako ni nani. Hili nalirefusha, kwa sababu bondeni kwetu ndilo linalotumaliza. Unakata miwa ya kiwanda, lakini umeletwa na kontrakta. Au unakata ya mkulima wa nje, chini ya chama chao cha ushirika. Kofia ina jina moja, kitambulisho kina la pili, na fedha inaingia kwenye simu kwa jina la tatu. Kijana mmoja niliyemfahamu alilishitaki jina lililokuwa kwenye fulana yake. Ilipofika siku ya shauri mwakilishi wa kampuni akasema, kwa ukweli kabisa, "Huyu hayumo kwenye vitabu vyetu." Ikabidi aanze upya na siku zimeshakwisha. Basi tazama mkataba wako. Kama huna, tazama ujumbe wa muamala wa mshahara ujue nani alituma. Tazama nani alikuwa anapeleka michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Jina kamili la kampuni linapatikana kwa msajili wa kampuni, BRELA, na liandike kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi. Ukibaki na shaka kati ya wawili, waandike wote wawili.

Usiseme "sina mkataba, kwa hiyo sina haki". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye akuandikie masharti ya kazi. Akishindwa kuyaonesha kwenye shauri, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha lile unalodai lilikuwa sharti. Kibarua wa miaka mitatu anayelipwa kila wiki ni mwajiriwa, hata akiitwa "dei waka" kila asubuhi.

Jumlisha misimu yako. Sehemu ya sheria inayozuia kufukuzwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Wasimamizi wanaipenda sentensi hiyo. Lakini haikuishia hapo: inasema iwe ni kwa mkataba mmoja au zaidi. Miezi minne ya msimu uliopita na mitatu ya huu ni saba. Tena, kama umeitwa msimu baada ya msimu, na mazingira yalikupa matumaini ya haki kwamba utaitwa tena, kutokuitwa nako kunaweza kuhesabiwa ni kuachishwa. Ndiyo maana mikataba ya misimu ya zamani haitupwi wala haifungiwi vitumbua.

Tunza karatasi mbali na maji. Mto Lumemo ukifurika hauchagui godoro na barua. Ziweke juu, ndani ya nailoni mbili, uzipige picha na kumtumia mtu unayemwamini. Meseji za supavaiza usizifute. Simu ikiharibika, laini itunze.

Jaza fomu namba moja polepole. Mtu huijaza amesimama, kwa kalamu ya kuazima, kisha shauri lote linaendeshwa kwa maneno yake ya dakika kumi. Utafungwa na ulichoandika. Sehemu inayohusu kuachishwa kazi ijaze yote: sababu ilikuwa na kasoro gani, na utaratibu ulikuwa na kasoro gani. Orodhesha kila dai: notisi, likizo, mshahara wa siku ulizofanya kazi, kiinua mgongo, cheti cha utumishi. Weka tarehe na sahihi. Mwajiri apelekewe nakala, na Tume ioneshwe uthibitisho kwamba aliipata. Fomu hailipiwi. Anayekudai fedha ili "aisukume", mkatae na ukamtaje.

Hesabu ya kiinua mgongo ni rahisi, usiogope: ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka 6 ni siku 42. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati.

Dai nauli ya kurudi ulikoajiriwa. Wakata miwa wanaoletwa kutoka Mbeya au Njombe huachwa kambini wauze sufuria wapate nauli. Sheria inamtaka mwajiri amrudishe mtu alikomwajiri pamoja na mizigo yake, au amlipie usafiri, na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Walioajiriwa getini hapa hapa bondeni hili haliwahusu.

Ukichelewa, usidanganye. Kuna fomu namba mbili ya kuomba kuongezewa muda. Eleza kila siku iliyopita, na uambatanishe ushahidi: karatasi za kulazwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kwa mfano, zenye tarehe. "Sikujua sheria" haipokelewi. Mzee wa dungu tulimwombea, tukaandika ukweli kwamba alikuwa analinda mpunga. Maombi yalikataliwa. Mwenye fomu ileile na cheti cha kulazwa siku 19 alikubaliwa wiki hiyo hiyo.

Usifunge geti, wala barabara. Julai 1986 polisi walifyatua risasi kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari Kilombero waliokuwa wakidai haki zao, na wapo waliokufa. Wazee wa Kidatu wanakumbuka. Leo sheria inaruhusu mgomo kwa masharti, lakini lalamiko la mtu kufukuzwa haligomewi, na kumzuia mwajiri kuingia kwenye eneo lake kumekatazwa waziwazi. Ukifanya hivyo unampa sababu halali aliyokuwa hana.

Usikose tarehe. Ofisi ya Tume ya mkoa iko Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Ukipeleka fomu, uliza shauri litasikilizwa wapi, na uandike namba ya shauri kwenye karatasi na kwenye simu. Kama ni Morogoro, lala Morogoro usiku wa kuamkia. Basi la alfajiri huharibika, na treni ya TAZARA haipiti Morogoro mjini. Asipofika mlalamikaji, lalamiko laweza kufutwa. Asipofika mwajiri, laweza kuamuliwa bila yeye. Sijaona sababu ya kumpa mwajiri zawadi ya kutofika kwako.

Sikiliza usuluhishi, lakini usiuze kwa njaa. Usuluhishi umepangiwa siku 30. Msuluhishi hakuamulii, anawakutanisha tu. Ingia ukijua kiasi chako cha chini, kimeandikwa, umeshakizungumza na mkeo au mumeo nyumbani. Mkisaini makubaliano yamefunga, hakuna kurudi. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi.

Usitoe ushahidi kabla ya kuapa. Ni jambo dogo, nalo limevunja mashauri yaliyokwisha. Katika kesi ya Chuo Kikuu cha CUHAS cha Mwanza, Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wa Tume kwa sababu mashahidi hawakuapishwa. Ukikaa kwenye kiti na hakuna aliyekuapisha, inua mkono useme, kwa heshima.

Usiende peke yako kama unaogopa kusema. Unaruhusiwa wakili, kiongozi wa chama chako, au mwakilishi wako binafsi uliyemchagua. Kama ulikuwa unakatwa michango ya TPAWU au TUICO, nenda ukaitumikishe. Ni fedha yako ile.

Mtumishi wa umma, njia yako ni nyingine. Mwalimu wa shule ya serikali au muuguzi wa halmashauri anatakiwa kwanza amalize rufaa zilizomo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma. Usipoteze muda kwenye fomu namba moja.

Usikope kwa kutarajia tuzo. Mwamuzi anaweza kuagiza urudishwe kazini au ulipwe fidia. Sheria ilipotungwa mwaka 2004 iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, na watu bado wanaitaja dukani kama dhamana. Vifungu hurekebishwa, na shauri laweza kushindwa. Muulize ofisa wa Tume kiwango cha leo, na deni la duka usiliongeze.

Tuzo ikitoka, chukua nakala siku hiyo. Asiyeridhika ana wiki 6 tangu alipopewa tuzo kuomba mapitio Mahakama Kuu, na hesabu hiyo inakuhusu wewe pia ukishindwa. Ukishinda, mwajiri akakaa kimya na halipi, tuzo haijilipi yenyewe: unaiombea ikazwe Mahakama Kuu kama hukumu nyingine yoyote. Andaa nakala iliyothibitishwa, orodha ya mali za mwajiri unazozifahamu, matrekta yako wapi, ghala liko wapi, benki yake ni ipi. Mama mmoja mpishi aliyefukuzwa akiwa na mimba aliandika namba za magari mawili ya mwajiri wake nyuma ya kadi ya kliniki. Alilipwa kabla dalali wa mahakama hajafika Ifakara.