SOMO: Ubora wa Nyama ya Kondoo Hupimwa na Nani?

Ndugu wafanyakazi wa machinjioni, buchani na katika vyumba vya baridi, mara nyingi huambiwa tu kwamba nyama yetu haina ubora. Yatupasa basi tujue ubora huo hupimwa na nani, na kwa kipimo gani.

Katika majaribio, walaji huonjeshwa nyama ya kondoo, kisha huulizwa mambo manne: Ni laini? Ina majimaji? Ladha yake ikoje? Kwa jumla umeipenda? Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 100.

Katika ladha, mataifa hutofautiana. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya waonjaji wa Uingereza na wa Hispania. Walionja nyama zile zile, lakini Waingereza walipendelea kondoo wa kwao, na Wahispania wa kwao. Kondoo wa Uingereza hukuzwa zaidi kwa majani, huchinjwa akiwa mkubwa, na harufu yake ni kali. Huko Hispania, lechazo hulishwa maziwa tu, na ternasco huongezewa nafaka. Wote huchinjwa wangali wadogo, na ladha yao ni ya upole. Chakula cha mnyama huingia katika mafuta yake, na mafuta ndiyo hubeba harufu. Ulimi nao hupenda ulichozoea.

Katika ulaini, mataifa hukaribiana. Walaji wa Australia, Uchina na Marekani walipoonjeshwa nyama iliyochomwa, wote waliipa nyama ya mgongo alama za juu kuliko ya paja.

Hapa ndipo inapoingia kazi yetu. Miaka ya 1960 wataalamu wa New Zealand walionyesha kwamba nyama ikipozwa haraka mno, ikashuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kabla haijakakamaa, misuli husinyaa. Mlaji hupata nyama ngumu hata kama kondoo alikuwa mchanga. Dawa yake ni kupoza kwa mwendo uliopimwa, au kupitisha umeme katika nyama mara baada ya kuchinja, njia iliyoenea huko miaka ya 1970. Tena, kondoo aliyechoshwa safarini humaliza sukari ya misuli. Nyama yake huwa nyeusi na haikai sana.

Basi tuelewe: ladha hutoka malishoni, ulaini hulindwa au hupotea kazini. Msimamizi akiamuru nyama isukumwe kwenye baridi kali ili lori liwahi, kisha mnunuzi akalalamika, kosa si la mkono wa mchinjaji. Tukiyajua haya, tutayasema kwa hoja tunapojadiliana na mwajiri juu ya mwendo wa kazi na makato ya mishahara.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Walaji wa kwenu hupenda kondoo gani, na kwa nini?
2. Nani hupanga muda wa kupoza nyama mahali penu?
3. Nyama ikiwa ngumu, nani hulaumiwa? Je, ni haki?