SOMO LA AFYA: KANSA YA MAPAFU SI YA AINA MOJA

Ndugu msomaji, kila tunapozungumza habari za tumbaku, mtu mmoja huinuka na kuuliza: "Mbona fulani hakuvuta hata sigara moja, na kansa ya mapafu ikamwua?" Swali hilo ni la haki. Leo tulijibu.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli mna maagizo yaitwayo jeni. Jeni ni kama maandishi. Wewe unajua kusoma, basi unajua nguvu ya herufi moja. Andika KAA. Futa A ya katikati, weka U. Sasa ni KUA! Vivyo hivyo, jeni ikikosewa, seli iliyotakiwa kutulia huanza kukua ovyo. Huo waweza kuwa mwanzo wa kansa.

Mara nyingi mtu hazaliwi na kosa hilo. Hutokea baadaye, ndani ya pafu lenyewe. Haliambukizi, wala si kulogwa.

Sasa tuhesabu. Chukua punje 100 za mahindi. Kila punje ni mgonjwa mmoja wa aina ya kansa ya mapafu iitwayo adenokasinoma. Kama wagonjwa hao wako China au Japani, tenga punje kama 40 mpaka 50. Hao wana kosa katika jeni iitwayo EGFR. Kama wako Ulaya au Marekani, tenga 10 mpaka 15 tu. Kosa hili huonekana zaidi kwa wanawake na kwa wasiovuta sigara. Kosa la jeni nyingine, KRAS, huonekana zaidi kwa wavutaji. Huko Ulaya na Marekani ni punje kama 25 mpaka 30.

Hesabu hii ina faida gani? Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, waligundua kwamba wenye kosa la EGFR ndio waliopata nafuu kubwa kwa vidonge vya gefitinib. Siku hizi kipande cha uvimbe hupimwa kwanza, ndipo dawa ya namna hiyo ichaguliwe. Haimalizi ugonjwa, lakini kwa wengi uvimbe hupungua kwa muda.

Basi jibu letu ni hili. Ni kweli, wasiovuta nao huugua. Lakini duniani kote tumbaku ndiyo sababu kubwa kupita zote. Nyumba huweza kuungua kwa radi, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuchezea kiberiti.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitema damu, au ukikonda bila sababu, usingoje. Nenda kituo cha afya ukapimwe.

Maswali ya kujadiliana
1. Jeni inafanana vipi na maandishi?
2. Kwa nini mgonjwa hupimwa jeni za uvimbe kabla ya kuchaguliwa dawa?
3. Utamjibu nini jirani asemaye tumbaku haina madhara?