Homa ya Ini C: Somo kwa Mwenye Ndugu Gerezani

Mji wa Tunduma umepakana na Nakonde, Zambia, na hupitiwa na barabara kuu pamoja na reli ya TAZARA. Katika mji wa mpakani si ajabu familia ikawa na ndugu aliye mahabusu au anayetumikia kifungo. Somo hili linamhusu yeye, na linakuhusu wewe utakayempokea.

Huenezwaje?
Homa ya ini C husababishwa na kirusi kinachoenezwa hasa kwa damu. Gerezani hatari huongezeka pale watu wanapochangia wembe, sindano za dawa za kulevya au vifaa vya kuchorea tatoo. Haienezwi kwa kula sahani moja, kupeana mikono wala kukumbatiana. Ndugu akirudi nyumbani, usimtengee sahani wala kikombe. Wembe na mswaki ndivyo ambavyo kila mtu awe na chake.

Kwa nini apimwe?
Wengi hawaoni dalili kwa miaka mingi, ilhali ini linaendelea kuharibika na huweza kupata makovu au saratani. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini. Takribani watu 3 kati ya 10 hukiondoa wenyewe ndani ya miezi 6. Kwa hiyo, kabla ya kulipia tiba, uliza kama kipimo cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe, kimefanyika.

Je, hupona?
Ndiyo. Vidonge vya kisasa, vinavyomezwa kwa kawaida wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Hata hivyo, aliyepona huweza kuambukizwa tena. Hakuna chanjo ya homa ya ini C, na chanjo ya homa ya ini B haiikingi.

Haki yake
Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zaelekeza kwamba mfungwa apate bila malipo huduma ya afya ya kiwango kile kile cha raia walio nje. Umtembeleapo, mhimize aombe kuonana na mganga wa gereza.

Jipime
1. Taja vifaa viwili visivyopaswa kuchangiwa.
2. Kipimo cha kwanza kikionyesha kingamwili, ni hatua gani inayofuata?