Nani Amlishaye Mzee?

Wengi hudhani kwamba mzee apokeaye pensheni hurudishiwa fedha zake mwenyewe, zilizokuwa zimefungiwa sandukuni tangu ujana wake. Dhana hiyo ina ukweli mdogo tu. Katika nchi nyingi, anachokatwa kijana mwezi huu ndicho anacholipwa mzee mwezi huu huu. Huko Zanzibar, serikali ilipoanza mwaka 2016 kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Shilingi 20,000 kwa mwezi, hapakuwa na sanduku lolote la zamani. Fedha zilitoka katika hazina ya leo. Na hata penye akiba, tukumbuke kwamba noti hailiwi. Wali aulao mzee leo, mpunga wake umelimwa na mwenye nguvu wa leo. Basi yatupasa kuuliza: kwa kila aliyechoka, ni wangapi wanaofanya kazi?

Itazame Japani. Mwaka 1961 nchi hiyo ilieneza pensheni kwa raia wote. Siku zile wenye miaka 65 na zaidi walikuwa kama 6 katika kila watu 100, na kila mmoja wao alikuwa na watu kama 11 wa umri wa kufanya kazi. Mzigo wa wengi ni mwepesi. Kisha umri wa kuishi ukarefuka, na watoto wakapungua. Mwaka 1990 ilipotangazwa kwamba wastani wa uzazi umeshuka hadi watoto 1.57 kwa mwanamke, taifa lilishtuka. Kufikia mwaka 2023 ulikuwa 1.20. Sasa wazee ni kama 29 katika kila 100, na kila mmoja anategemea watu kama 2 tu.

Hapo pana jambo ambalo aghalabu halisemwi. Mwenye kulea watoto watatu hubeba gharama ya malezi yao, lakini wakishakua, makato yao huwalisha wazee wote, hata wale wasiojaliwa mtoto. Sisemi haya kuwalaumu wasio na watoto. Wengi wao hawakuchagua hali hiyo. Nasema tu kwamba hesabu ya taifa haiioni jasho la mzazi.

Serikali ya Japani ilijaribu kuugawa uchungu. Kwa sheria ya mwaka 2004, makato ya pensheni ya waajiriwa yalipandishwa kidogo kidogo hadi asilimia 18.3 ya mshahara mwaka 2017, nusu akilipa mwajiri, yakakomea hapo. Na malipo ya wazee nayo yakawekewa kanuni ya kupunguza kasi ya kupanda kwake kadiri wachangiaji wanavyopungua. Kabla ya hapo, mwaka 2000, ilianzishwa bima ya utunzaji wa wazee, ambayo kila mtu huichangia tangu miaka 40. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mke wa mwana, bila ujira.

Urithi nao umechelewa. Baba akifariki na miaka 90, mrithi wake yamkini ana 60. Mali yatoka kwa mzee kwenda kwa mzee, ilhali mjukuu ndiye mwenye karo na kodi ya nyumba. Kwa sababu hiyo, mwaka 2013 babu na bibi waliruhusiwa kumpa kila mjukuu hadi yeni milioni 15 za masomo bila kutozwa kodi ya zawadi. Ruhusa njema, kwa mjukuu aliye na babu tajiri.