Hesabu Kabla ya Nikah: Tujifunze Uwezekano kwa Kuhesabu Matokeo



Somo la uwezekano tulilisoma sekondari, na wengi wetu tuliliacha katika chumba cha mtihani. Wapo ambao hawakulipenda tangu mwanzo, kwa kuwa mifano yake ilikuwa ya dadu na karata. Leo hatutahitaji vitu hivyo. Tutahesabu herufi, watoto na damu, kwani wengi wetu tutaoa au kuolewa ndani ya miaka michache ijayo, na lipo swali la nikah ambalo hujibiwa kwa hesabu hii ndogo.

1. Orodhesha yote kwanza

Kanuni ni nyepesi: uwezekano wa jambo ni idadi ya matokeo yanayolihusu, ikigawanywa kwa idadi ya matokeo yote, iwapo kila tokeo lina nafasi sawa na mwenzake. Ugumu uko katika neno "yote". Mtu huwa mwepesi wa kuhesabu anayoyapenda na kuyasahau mengine.

Katika hili tunaye mwalimu wa zamani. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8 na mwasisi wa elimu ya arudhi, aliipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kuzigeuzageuza herufi za kila shina. Chukua k, t na b. Nafasi ya kwanza ina herufi 3 za kuchagua, ya pili 2, ya tatu 1. Basi 3 × 2 × 1 = 6: ktb, kbt, tkb, tbk, bkt, btk. Ktb ni kuandika, kbt ni kudhalilisha au kukandamiza, btk ni kukata. Mashina ambayo Waarabu hawakuyatumia nayo yaliingia katika hesabu, kisha yakatajwa kuwa yameachwa. Huo ndio uadilifu wa kuhesabu: kila tokeo liandikwe kwanza, hukumu ije baadaye.

2. Mtego wa kuhesabu haraka

Familia ina watoto wawili. Je, uwezekano wa kuwa mmoja ni wa kiume na mwingine wa kike ni ngapi? Anayeharakisha husema: yako matokeo matatu, wote wa kiume, wote wa kike, au mchanganyiko, basi jibu ni 1/3. Amekosea. Tuandike kwa mpangilio wa kuzaliwa: MM, MK, KM, KK. Matokeo ni manne, na mchanganyiko umo mara mbili. Tukichukulia kuwa mvulana na msichana wana nafasi sawa, jibu ni 2/4, yaani nusu.

Kumbuka mtego huu, kwa sababu tutakutana nao tena sasa hivi.

3. Damu ya baba na damu ya mama

Selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila mtu hubeba jeni mbili za jambo hili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni ya kawaida tuiite A, na ya selimundu S. Mwenye AA hana kitu. Mwenye AS hubeba jeni hiyo, lakini kwa kawaida ni mzima na huenda asijue maisha yake yote. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Tuseme kijana mwenye AS amemposa binti mwenye AS. Kila mmoja atampa mtoto jeni moja, A au S, kwa nafasi sawa. Tuorodheshe:

A ya baba na A ya mama: AA
A ya baba na S ya mama: AS
S ya baba na A ya mama: AS
S ya baba na S ya mama: SS

Matokeo ni manne. Uwezekano wa mtoto mgonjwa ni 1/4, wa mtoto mzima anayebeba jeni ni 2/4, na wa mtoto AA ni 1/4.

Tazameni mstari wa mwisho. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Katika baadhi ya familia zetu mama hulaumiwa peke yake, na wapo waliopewa talaka kwa sababu hiyo. Orodha ya mistari minne inatosha kuonyesha kuwa lawama hiyo ni dhulma.

4. Robo si zamu

Wengine husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani ni zamu: wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba huanza upya na orodha ileile ya matokeo manne.

Basi kwa wazazi hawa, uwezekano wa kupata angalau mtoto mmoja mgonjwa katika watoto wawili ni ngapi? Matokeo yote ni 4 × 4 = 16. Yale ambayo wote wawili hawana ugonjwa ni 3 × 3 = 9. Yanabaki 7, kwa hiyo ni 7/16. Kwa watoto watatu, yote ni 64, ya salama ni 27, yanabaki 37. Sasa 37/64 imeshavuka nusu. Aliyesema "robo tu" alimhesabu mtoto mmoja, akaisahau familia.

5. Je, jambo hili liko mbali nasi?

Utafiti wa watoto wachanga hapa Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta takriban 13 kati ya 100 wanabeba jeni ya S, na zipo wilaya zilizovuka 20. Kwa wastani wa nchi, wachumba wawili wasio na uhusiano wowote wana uwezekano wa 13/100 × 13/100 wa kuwa AS wote, yaani karibu 17 kati ya 1,000. Kwa wilaya yenye 20, ni 40 kati ya 1,000.

Lakini tunazidisha hivyo pale tu ambapo hali ya mmoja haitegemei hali ya mwingine. Binamu wana babu na bibi mmoja. Ikiwa mmoja ni AS, nafasi ya mwenzake kuwa AS hupanda. Ndoa ya binamu ni halali katika dini yetu. Kipimo cha damu kabla yake ni busara zaidi.

6. Kuhesabu na kadari

Huenda ndugu akauliza: je, huku si kukosa tawakkul? Tumkumbuke Umar bin al-Khattab, radhi za Allah zimfikie, alipokuwa njiani kwenda Sham na kuambiwa kuna tauni. Alishauriana na maswahaba akarudi. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kuwa wanatoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Hesabu haimwambii mtu nani wa kumwoa, wala mtoto mwenye SS si laana. Ni amana yenye haki ya matibabu na mapenzi. Hesabu inawapa wachumba jambo la kulizungumza wakiwa bado na hiari, pamoja na wazazi, daktari na sheikh. Na majibu ya damu ya mtu ni siri yake, yasitiriwe.

Mazoezi

1. Shina la herufi nne tofauti lina mipangilio mingapi?
2. Baba ni AS, mama ni AA. Orodhesha matokeo. Je, kuna SS?
3. Binti ni mzima, lakini kaka yake ana SS na wazazi wao wote ni AS. Uwezekano wa binti kuwa AS ni ngapi?

Majibu: (1) 24. (2) AA, AA, AS, AS, hakuna SS. (3) Ni 2/3 wala si 2/4: kwa kuwa ni mzima, SS imeondoka katika orodha, yamebaki matokeo matatu, na mawili kati yake ni AS.

Kama jibu la tatu linakuhusu wewe, nenda kapime kabla ya kuposa au kuposwa.

Wabillahi tawfiq.